Afya ya Familia: Mwizi Aingiaye Pembeni mwa Jicho



Nani kati yetu hajamwona mtoto wa shule akitembea barabarani saa za masomo, ameshika ncha ya fimbo, na nyuma yake mzee ameshika ncha ya pili? Darasa laendelea bila mtoto yule. Macho ya mzee yamekwisha, na macho ya mtoto yamekuwa mali ya watu wawili. Ukimwuliza mzee ugonjwa ulianza lini, mara nyingi atakujibu: «Sijui, mwanangu. Nilikuwa naona, kisha sikuona.» Jibu hilo si la mtu msahaulifu. Uko ugonjwa mmoja wa macho ambao kweli haujulishi siku ya kuja kwake.

Waganga wauita glakoma. Mijini watu husema presha ya macho. Si ugonjwa wa mbali na sisi. Mwaka 2014 wataalamu walikusanya hesabu za nchi nyingi, wakakadiria kwamba katika Afrika, kati ya watu 100 wenye umri wa miaka 40 hadi 80, karibu 5 wanao. Hakuna bara jingine lililopata hesabu kubwa kuliko hiyo. Basi, mahali penye watu 400 wa umri huo, yafaa kufikiri kwamba 20 hivi ni wagonjwa, na walio wengi kati yao hawana habari.

Ugonjwa wenyewe

Sehemu ya mbele ya jicho ina maji safi ambayo huzaliwa daima na kutoka daima kwa njia nyembamba sana. Njia hizo zikizibika kidogo kidogo, maji hukaa, na mkazo ndani ya jicho hupanda. Nyuma ya jicho uko mshipa wa kuonea, uchukuao habari za nuru hadi kwenye ubongo. Mshipa huo una nyuzi kama milioni 1, na kila uzi huleta habari za sehemu yake ndogo. Katika glakoma nyuzi hizo hufa, leo moja, kesho nyingine, bila maumivu na bila wekundu. Uzi uliokufa haufufuki. Hata leo hakuna dawa wala upasuaji uwezao kuurudisha. Tiba yaweza tu kuzilinda nyuzi zilizobaki. Methali yetu yasema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ni vibaya zaidi, kwani ukuta ukianguka haujengeki tena.

(Iko na aina nyingine ya glakoma ijayo kwa ghafula, yenye maumivu makali, jicho jekundu na kutapika. Huyo mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile. Lakini katika makala hii twaongea juu ya ile ya kimya, ambayo ndiyo iliyo nyingi kwetu.)

Labda msomaji atasema: «Basi, mganga apime mkazo wa jicho, naye atajua.» Ni vema kuupima, lakini hautoshi. Kwa desturi mkazo wa jicho zima ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Kumbe, wako watu wenye mkazo wa 25 ambao mshipa wao ni mzima miaka mingi. Na wako wengi wenye mkazo wa 17 ambao mshipa wao unakufa. Mkazo watuonyesha hatari tu. Hautuambii mgonjwa amekwisha kupoteza nini.

Jaribio kwa wanafunzi

Ninyi wanafunzi, chukueni karatasi nyeupe. Upande wa kushoto chorani msalaba mdogo. Upande wa kuume, sentimita 8 kutoka msalabani, chorani duara iliyojazwa wino, kadiri ya punje ya mahindi. Fumbeni jicho la kushoto. Kwa jicho la kuume tazameni msalaba tu, wala msiuache hata kidogo. Shikeni karatasi mbali, kisha isogezeni polepole kuelekea usoni. Ikifika karibu sentimita 30, duara itatoweka. Isogezeni tena, nayo itarudi.

Mfaransa Edme Mariotte ndiye aliyevumbua jambo hilo katika miaka ya 1660. Sababu yake ni hii: mahali mshipa wa kuonea unapotoka katika jicho, hapana chembe za kupokea nuru. Kila jicho zima lina mahali pake pasipoona. Mtu amekwisha kuishi miaka 40 na pengo hilo, wala hajalijua.

Sasa angalieni neno lenyewe la kustaajabisha. Pale duara ilipotoweka, hamkuona shimo jeusi. Mliona karatasi nyeupe. Ubongo wetu huziba pengo kwa rangi ya mahali jirani, kama fundi wa nguo atiaye kiraka cha kitambaa kile kile, hata jicho lisitambue mshono. Na hivyo ndivyo afanyavyo katika glakoma. Mwaka 2013 wataalamu wa London waliwaonyesha wagonjwa 50 picha mbalimbali, wakawauliza ni ipi iliyofanana na kuona kwao. Hata mmoja hakuchagua picha ya kutazama kama kwa bomba jeusi. Wengi walisema tu kwamba sehemu fulani ni kama za ukungu, au kwamba vitu fulani havipo.

Havipo! Baba amwaga chai kando ya kikombe, nasi twasema mkono wake umechoka. Mama agonga bega kwenye mwimo wa mlango, nasi twasema ana haraka. Mzee avuka barabara bila kuiona baiskeli itokayo kushoto, nasi twamlaumu mwenye baiskeli. Lakini huyo huyo mzee asoma kitabu vizuri, kwa kuwa glakoma mara nyingi huacha katikati ya kuona hadi mwisho. Mwizi huyu haingii kwa mlango wa mbele.

Mlango wa daktari wa Copenhagen

Kama mgonjwa mwenyewe hawezi kutuambia alichopoteza, ni nani atakayetuambia? Hapo ndipo kinapohitajika kipimo ambacho waganga hukiita kipimo cha uwanja wa kuona. Uwanja huo ni mahali pote ambapo jicho moja huona wakati linapotazama mbele bila kugeuka: digrii kama 60 upande wa pua, na zaidi ya 90 upande wa sikio.

Albrecht von Graefe wa Berlin aliingiza kipimo hicho katika kazi ya waganga mwaka 1856. Mwaka 1889 daktari wa Copenhagen, Jannik Bjerrum, alichoka na vyombo vidogo vya siku zake. Akautumia upande wa nyuma wa mlango wa chumba chake cha kazi. Mgonjwa aliketi mbali, akatazama katikati, naye daktari akasogeza kidude cheupe kidogo mbele ya mlango, akiuliza: «Wakiona? Na sasa?» Kwa njia hiyo nyepesi aliona kwamba pengo la glakoma halitokei ovyo. Hufuata umbo la upinde, kuanzia mahali pale pa Mariotte na kuzunguka katikati, kama vile nyuzi za mshipa zenyewe zinavyopita. Kwa mara ya kwanza ugonjwa ulikuwa na sura ya kutambulikana.

Mwaka 1945 Hans Goldmann wa Bern, katika Uswisi, alitengeneza bakuli kubwa jeupe lenye mwanga wa kadiri moja, ambamo taa ndogo husogezwa kwa kipimo. Katika mji ule ule, miaka ya 1970, Franz Fankhauser na wenzake waliikabidhi kompyuta kazi hiyo. Tangu hapo mgonjwa hutia kidevu mahali pake, jicho moja likafunikwa, naye hutazama katikati ya bakuli. Vitaa vidogo humulika kwa muda wa sehemu 2 za 10 za sekunde, huku na huku. Akiona, abonyeza kitufe. Kompyuta hutafuta, kwa kila mahali, mwanga hafifu kuliko yote ambao jicho laweza kuuona.

Makosa ya kipimo, na namna yanavyorekebishwa

Wagonjwa wengi huchukia kipimo hiki, nao wana sababu. Sikieni mazungumzo yasikikayo mara nyingi katika vyumba hivyo:

«Mwanangu, taa nyingi sikuziona. Nimeshindwa mtihani?»

«Hapana, Baba. Mashini imewekwa hivyo. Yatafuta mpaka wa macho yako, basi sharti ikuonyeshe na taa usizoweza kuziona. Hata mwenye macho mazima hukosa karibu nusu.»

Laiti kila mgonjwa angeambiwa neno hilo kabla ya kuketi! Kwa maana asiyeambiwa huona haya, akaanza kubonyeza kwa kubahatisha, ama huhangaisha macho kuzitafuta taa. Hapo karatasi itokayo katika mashini yaonyesha hofu yake badala ya macho yake. Tena, mtu huchoka, husinzia, huwaza mambo ya nyumbani. Na mara ya kwanza karibu kila mtu hufanya vibaya kuliko mara ya pili, kwa sababu hajazoea. Kipimo hiki ni ushuhuda, na shahidi aweza kukosa bila kusema uwongo.

Ndiyo sababu wataalamu wamefanya bidii kwa miaka mingi kukirekebisha. Hebu tuone marekebisho manne yaliyo makubwa.

La kwanza ni kumchunguza shahidi. Mara kwa mara kompyuta humulika taa pale pale pa Mariotte. Mgonjwa akibonyeza, yajulikana kwamba jicho limehama. Kadhalika mashini huangalia kama mtu hubonyeza wakati hapakuwa na taa. Mapadri na walimu waujua ujanja huo kwa kuwauliza watoto maswali.

La pili ni kufupisha kazi. Zamani jicho moja lilitumia robo saa. Wataalamu wa Sweden, pamoja na Anders Heijl wa Malmö, walitoa mwaka 1997 hesabu mpya ambazo kwazo kompyuta hutumia kila jibu ili ichague vema swali lifuatalo. Kisha walizidi kuzifupisha: mwaka 2019 walilinganisha namna tatu, na jicho moja lilitumia dakika kama 6 kwa ya kwanza, 4 kwa ya pili, na chini ya 3 kwa ile mpya. Mtu asiyechoka hujibu vizuri zaidi.

La tatu ni kuuliza mahali panapofaa. Kipimo kinachotumika sana huuliza mahali 54, kila mahali mbali na jirani yake digrii 6. Ni kama kutupa wavu wenye matundu makubwa: samaki wadogo hupita. Katika digrii 10 za katikati, wavu huo una mahali 12 tu. Lakini huko katikati ndiko nyuzi zilikojaa, na imeonekana kwamba glakoma mara nyingine huanza kuharibu hata huko mapema. Basi pametengenezwa kipimo kingine cha mahali 68, kila digrii 2, kwa ajili ya katikati tu. Na kingine kilichoongeza mahali 10 ya katikati juu ya yale 54. Tena kompyuta hulinganisha nusu ya juu na nusu ya chini ya uwanja. Nyuzi za nusu hizi mbili hazivuki mpaka ulio katikati yao, mithili ya mashamba mawili yenye njia kati. Mtoto wa jicho hutia giza mashamba yote mawili. Glakoma kwa desturi huanza katika moja. Tofauti hiyo husaidia kuwatambua wagonjwa mapema.

La nne ni kurudia. Karatasi moja haisemi mengi. Mwaka 2008 wataalamu walishauri kwamba mgonjwa mpya apimwe mara 6 katika miaka 2 ya kwanza, ili ajulikane yule ambaye ugonjwa wake wakimbia. Na katika Uingereza, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015 juu ya wagonjwa 516 ulipanga vipimo vingi mwanzoni na mwishoni. Kwa hiyo miaka 2 tu ilitosha kuonyesha faida ya dawa: katika waliotiwa matone ya dawa, 15 kwa 100 walipoteza sehemu ya uwanja, katika waliotiwa matone yasiyo na dawa, karibu 26 kwa 100.

Hata hivyo tusidanganyike. Uchunguzi umeonyesha kwamba kipimo hiki kikianza kuonyesha pengo la hakika, robo au hata theluthi ya nyuzi za mahali pale huenda imekwisha kufa. Kwa hiyo daktari mwenye akili hutazama pia mshipa wenyewe kwa chombo cha kuangalia ndani ya jicho, na, penye vyombo vipya, hupiga picha ya unene wa nyuzi. Kimoja chaonyesha waya ulivyo. Kingine chaonyesha kama taa yawaka. Vyote viwili vyahitajiwa.

«Hayo ni mambo ya Ulaya»

Najua kuna msomaji aliyekwisha kusema hivyo moyoni. Mashini ni ghali, yataka umeme usiokatika na mtu wa kuitengeneza, na pengine iko katika mji ulio mbali siku mbili kwa gari. Neno lake lina haki. Kipimo bora kisichofikiwa hakimwokoi mtu.

Lakini hapo hapo bidii yafanyika. Wataalamu wa Australia wametengeneza kipimo kitumiacho tableti, ile simu pana. Wengine wametengeneza chombo cha kuvaa usoni kama miwani mikubwa, kisichohitaji chumba chenye giza. Vyombo hivyo huchukulika mkononi, na betri yatosha. Havijafikia usawa wa mashini kubwa katika kila jambo. Mgonjwa husogea, mwanga wa chumba hubadilika, kioo hushika vumbi. Kwa hiyo kazi yao ya haki ni kuchagua wale wa kupelekwa kwa daktari. Isiwe kazi yao kumwambia mtu aende nyumbani bila wasiwasi. Ndivyo ilivyo pia kwa kipimo cha vidole: mganga huketi mbele ya mgonjwa, kila mmoja hufunika jicho moja, na vidole huletwa kutoka pembeni. Chahitaji viti viwili tu, nacho hufunua mapengo makubwa. Yale madogo ya mwanzo hakiyaoni.

Jambo jingine ni tiba. Kumfunulia mtu ugonjwa na kumwacha bila msaada ni kumwongezea mzigo. Hapa jirani zetu wa Tanzania wametupa tumaini. Katika hospitali ya KCMC ya Moshi, chini ya mlima Kilimanjaro, walilinganisha matone ya timolol na miali ya leza ambayo hulegeza njia za maji ya jicho. Habari zilitangazwa mwaka 2021: baada ya mwaka 1, matone yalifaulu katika macho 31 kwa 100, na leza katika macho 61 kwa 100. Fikirini mkulima ambaye kila mwezi hana budi kutafuta franka za chupa mpya ya matone. Leza hufanywa mara moja, na kurudiwa ikihitajiwa. Kwake yeye tofauti hiyo yaweza kuwa shamba lililolimwa kwa macho yake mwenyewe miaka mingi.

Tufanye nini nyumbani

Mwenye miaka 40 na zaidi aombe macho yake yachunguzwe, hata kama asoma vizuri. Aliye na baba, mama, kaka au dada mwenye glakoma afanye upesi zaidi, kwani ugonjwa huu hufuata ukoo. Anayekwenda kununua miwani aulize: «Daktari, mshipa wangu wa kuonea ukoje?» Swali hilo halina gharama.

Akipelekwa kwenye mashini, alale vizuri usiku ule, ale kabla ya kwenda, achukue miwani yake. Aketi kwa utulivu. Kama shingo yauma, aseme. Atazame katikati tu. Abonyeze anapoona, wala asibahatishe. Mashini nyingi hungoja kitufe kikishikwa. Basi akichoka, akishike kidogo apumzike. Na ile karatasi aihifadhi pamoja na vyeti vya ubatizo na vya shule. Bila karatasi ya mwaka huu, daktari wa mwaka ujao hatajua kama ugonjwa umesimama au umeendelea.

Akipewa matone, ayatie kila siku. Asitazamie kwamba yatamfanya aone vizuri zaidi. Hayakupewa kazi hiyo. Wengi huyaacha wakisema hayafai, kumbe wakati ule ule yalikuwa yakilinda nyuzi zilizobaki. Watoto mlio shuleni mwaweza kusaidia hapo: someni maandishi ya chupa, kumbusheni saa, andikeni tarehe ya kurudi hospitalini.

Na sisi sote, tunapomwona mzee wetu akijikwaa mara kwa mara upande ule ule, tusicheke wala tusimgombeze. Tumpeleke apimwe. Katika magonjwa mengine mtu hungoja dalili ndipo atafute mganga. Katika ugonjwa huu, dalili ikija, sehemu ya macho imekwisha kuchukuliwa, wala hairudi.